Mizani ya Vizibo na Alizeti za Lufingo

Bupe, siku ile ya kukabidhiana ofisi ulishika karatasi yako ukasoma kitu kimoja kimoja kama karani wa sensa: meza moja, kabati moja halifungi, pikipiki moja haiwaki, gambuti jozi mbili. Ulipofika mwisho ukauliza, "Na ile mizani ya vizibo vya soda, mama, iko wapi? Wakulima wote wanaitaja." Nikakujibu kwamba nitakuambia siku nyingine, nikapanda gari. Nilijifanya nina haraka. Haraka ya nini, na mimi nilikuwa mstaafu wa saa mbili nzima? Basi nakuandikia sasa, wewe na wenzako mnaoanza kazi, maana jibu lake halikufaa kusemwa mlangoni.

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu jua ni la bure, tena linazidi, na alizeti tumezaliwa tukaikuta. Nilipopangiwa Rungwe kuwa bibi shamba nilikuja na sanduku la bati na viatu vya wazi. Nilishuka Tukuyu mvua inanyesha. Kesho yake ikanyesha, keshokutwa ikanyesha. Siku ya nne nikamwuliza mzee niliyekabidhiwa kwake anifundishe kazi, "Hivi hii mvua huwa inakatika lini?" Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwanangu, haya ni manyunyu. Mvua bado haijaanza."

Huyo ndiye Mzee Ambakisye, bwana shamba wa zamani, mrefu, na koti lake la mvua lilikuwa limezibwa viraka vya mpira wa baiskeli. Alinipa gambuti za marehemu mkewe, zilinipwaya, nikajaza matambara mbele. Somo la kwanza alinipa njiani tukipanda kilima: "Ukifika kwa mtu, kabla hujauliza habari ya shamba, ingia zizini umsalimie ng'ombe." Nikadhani ananitania kwa sababu mimi ni mgeni. Wala. Huku ng'ombe wa maziwa anakaa bandani kama mgonjwa wodini, kila kitu analetewa, na anayemletea ni mama mwenye nyumba. Ukimwona ng'ombe amekonda, unajua mama huyo amelemewa na nini, na unajua shamba lake litakatwa nini ili ng'ombe ale. Nililiandika hilo kwenye daftari kama desturi za wenyeji. Ujinga gani huo, jamani. Ningeliandika chini ya kilimo.

Somo la pili ndilo la mizani. Alikuwa ametengeneza yeye mwenyewe, kwa rula ya mbao, uzi wa kushonea viatu, na vizibo viwili vya soda vilivyoning'inia huku na huku. Nilipoiona nilicheka. Chuoni tulikuwa na mizani iliyofunikwa kioo, ukipumua karibu nayo inacheza.

"Mzee, hii si ya watoto wa shule?"

"Ndiyo. Na wewe ndiyo kwanza umeanza shule."

Akaniambia mizani ile haitaji gramu. Inajibu swali moja tu: kati ya punje mia hizi na punje mia zile, zipi nzito? Na zile mia lazima azihesabu mwenye shamba kwa mkono wake, asije akasema umemhesabia vibaya. Nimepima mahindi kwa vizibo vile, nimepima maharage, nimepima kahawa. Sijawahi kubishiwa.

Siku moja akanichukua hadi kijijini kwake, Masoko. Alikuwa na alizeti za mbegu moja, nyingine kazipanda katikati ya migomba, kwenye mbolea nyingi na kivuli, nyingine pembeni mahali pa wazi. Vichwa vya alizeti za migombani vilikuwa vipana tu, vya kupigia picha. Akaniambia nitafune punje za huku na za kule. Ya migombani ilipasuka, ndani karibu hamna kitu, nikatema maganda. Ya pale wazi iliacha mafuta kwenye ulimi.

"Punje hujengwa kama nyumba," alisema. "Kwanza kuta, ndiyo maganda. Halafu anaingia mwenye nyumba, ndicho kiini. Mafuta ni mgeni anayekuja mwishoni, na jani ndilo linalomleta, likishika jua. Jua likipungua wiki zile za baada ya ua kufunguka, kuta utaziona zimesimama, ukibisha hodi hakuna mtu."

Nikaandika, nikapiga mstari chini, nikapiga na wa pili. Kuandika nilijua sana.

Mzee Ambakisye alistaafu akarudi Masoko, mizani akaniachia mimi. Miaka ikaenda. Nikajua kula ndizi asubuhi, mchana na jioni, nikajua kusema "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, bila kuchekwa, nikawa na mguu wa kupanda vilima. Ndipo kikundi cha akina mama wa Lufingo waliponiita. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Anyingisye, mwanamke mwenye sauti ambayo akiita mtoto wake, watoto wa kilima cha pili wanaitika. Walitaka kulima alizeti wakamue mafuta yao wenyewe ya kupikia. Waume zao waliwacheka. Alizeti Rungwe? Huku kwenye ukungu?

Mimi damu ya Singida ikachemka. Nikawaambia thubutuni, itaota na itakubali. Tukachagua mashamba ya mgongoni mwa kilima, mbali na migomba. Tukahesabu wakati wa kupanda ili punje zijae mvua kubwa zikishapungua. Wale mama walifanya kazi, Bupe, sijapata kuona. Alizeti zilipofunguka kilima kizima kilikuwa cha njano, watu wakawa wanapita makusudi kutazama. Nilivimba kichwa. Nilitembea Tukuyu kama vile hilo jua nimelileta mimi kwenye sanduku langu la bati.

Halafu baridi ikaingia. Majani ya guatemala, yale ya kulishia ng'ombe, yakadumaa, na ng'ombe wakaanza kulia bandani. Kwenye mkutano Mama Anyingisye akasimama akaniuliza, "Bibi shamba, haya majani ya alizeti, ng'ombe hali?"

Nikajibu hapo hapo, sikumeza hata mate. "Anakula, tena vizuri. Ua likishafunguka kazi ya jani imekwisha. Chumeni."

Nilitoa wapi maneno hayo? Nilitoa utotoni. Nilimwona baba yangu akichuma majani ya alizeti kulisha mbuzi, vichwa vikiwa bado vimesimama shambani, na tulipata mafuta kila mwaka. Nilichosahau ni rangi ya kisogo. Baba alingoja mpaka kisogo cha ua, ule upande wa nyuma, kiwe cha njano kabisa, punje zimeshajaa. Wale mama wa Lufingo walichuma visogo vikiwa vya kijani, wakaanza na majani ya juu, mapana, kwa sababu ndiyo ng'ombe anayoyapenda. Na ndiyo yanayoshika jua. Maziwa yakaongezeka, nikashukuriwa, nikaletewa hadi kuku.

Mavuno yalipofika, vichwa vilikuwa vipana na viroba vikajaa. Kulikuwa na mashine moja ya kukamua pale Tukuyu, ya Baba Zuhura, Mwislamu ambaye babu yake alitoka upande wa Kilwa akaoa huku huku. Mtu mpole, hawashi mashine bila kusema bismillahi, na mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Akina mama walikwenda wote siku moja, na vitenge vipya, na ndoo. Baba Zuhura alinyanyua kiroba cha kwanza kwa mkono mmoja, akanitupia jicho. Sikutaka kulielewa lile jicho.

Mafuta yakatoka kama machozi ya mtu anayejikaza. Ndoo baada ya ndoo, chini pamelowa tu. Mashudu, yale makapi yanayobaki, yalikuwa makavu yanapeperuka. Mama Anyingisye akapaza sauti: "Mafuta yetu yako wapi?"

"Mama zangu," akasema Baba Zuhura, "mashine haikamui kisichokuwemo."

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Mama Tumpale. Huyu alikuwa mjane, mwembamba, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mtu asiyejua kujitetea. Ng'ombe wake wa pekee alikuwa amekufa mwaka ule ule aliofiwa na mume. Kiroba chake kilikuwa kidogo kuliko vya wenzake. Kikamwagwa, mashine ikazunguka, na ndoo yake ikajaa hadi karibu na ukingo. Watu wote pale uani wakaitazama ile ndoo. Kisha Mama Anyingisye akasema taratibu, na yeye taratibu hana, "Kumbe mashine inajua watu."

Mnajua wenyewe vijijini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufika Jumapili habari ilikuwa imeshakamilika, ina kichwa na miguu: Mama Tumpale na Baba Zuhura, mjane na mgane, mafuta ya kikundi kizima yameishia kwenye ndoo moja, na kila mtu anajua malipo yake yalikuwa nini. Akaambiwa apumzike kwaya kwanza. Kikundi kikapanga siku ya kumwondoa. Watu wakaacha hata kumpokea salamu njiani, mwanamke ambaye hakuwa na ndugu wa karibu wala mali, na kitu pekee alichobaki nacho kilikuwa jina lake na ile nafasi ya kusimama mbele akaimba.

Wakaniita mkutanoni niwaambie kama mtaalamu, shida ni nini. Mwaka ule ukungu ulikuwa mwingi kweli. Nikawaambia ni ukungu, jua lilikuwa hafifu wakati punje zinajaa. Nilieleza vizuri, na maneno ya chuoni nikachomeka. Nilijiona nimeleta amani.

Mama Anyingisye akanisikiliza mpaka mwisho. "Ukungu. Sawa. Na kwa Mama Tumpale ukungu haukufika?"

Shamba la Mama Tumpale lilikuwa limepakana na la kwake, kuna mfereji tu katikati. Watu wote wakageuka kumtazama yule mama. Akasimama, akajifunga kitenge upya, akatoka. Na mimi, niliyekuwa mbele na madaraka yangu yote, sikujua jibu, na sikumwita arudi. Nilikunja karatasi zangu. Hapo ndipo ninapopaonea aibu mpaka leo, Bupe, kuliko hata yale majani.

Kesho yake nikaenda Masoko. Nilimkuta Mzee Ambakisye anakatakata shina la mgomba la ng'ombe, amezeeka, lile koti bado analo. Nikamweleza yote, la mashine, la ndoo, la ukungu. Nikamwambia nimepima: punje za Mama Tumpale zimezishinda za wenzake wote, na mbegu ni moja, udongo ni mmoja, siku ya kupanda ni moja.

Hakuacha kukata. "Uliingia zizini kwake?"

"Kwa nani?"

"Huyo mama. Nilikufundisha nini siku ya kwanza?"

"Mzee, hana ng'ombe. Alikufa."

Hapo ndipo akaweka panga chini. "Basi majani yake alimpa nani?"

Niliketi pale pale kwenye maganda ya migomba, na sketi yangu ya ofisini. Wote walikuwa wamechuma kwa neno langu, yeye peke yake aliyaacha majani yake yaote jua, kwa sababu ya umaskini. Ufukara wake ndio uliompa mafuta, na mafuta ndiyo yaliyompa sifa ya uzinzi. Na kichwani mwa hayo yote nimekaa mimi na kuku wangu wa shukrani.

"Nikisema, Lufingo hawatanisikiliza tena," nikamwambia.

"Huenda," akasema, akachukua panga lake akaendelea.

Sikumpenda siku ile. Nilitaka anifariji. Nilirudi Tukuyu nikiwa nimemkasirikia yeye, ukungu, ng'ombe, na marehemu baba yangu na mbuzi zake.

Nikawaita akina mama wote uani kwa Baba Zuhura, mchana kweupe, pale pale tuhuma zilipozaliwa. Nikamfuata Mama Tumpale kwake mwenyewe, maana hakutaka kuja. Nilimwambia njoo na punje ulizobakiza za mbegu, mengine niachie. Akaja, akasimama mbali karibu na geti.

Nikatundika mizani kwenye msumari. Mama Anyingisye akahesabu punje mia za kwake, akarudia, akarudia tena, maana alinishuku. Mama Tumpale akahesabu za kwake, mbili zikaanguka akaziokota. Tukazitazama kwanza kwenye viganja: rangi moja, ukubwa mmoja, ungeambiwa ni za shamba moja. Nikaweka hizi huku na zile kule. Kizibo cha Mama Tumpale kikashuka moja kwa moja, cha Mama Anyingisye kikaruka juu.

"Mafuta hayakuibwa kwenye mashine," nikasema. "Hayakuwahi kuingia kwenye punje. Nani alichuma majani ua lilipofunguka?"

Mikono ikainuka yote, ukiondoa mmoja.

"Mama Tumpale, wewe kwa nini hukuchuma?"

"Ningempa nani?" akasema.

Mtu mmoja akaanza kulia pale nyuma. Nikauliza la mwisho: "Na nani aliwaambia mchume?" Wanyakyusa wana adabu, Bupe, waliinamisha nyuso wote, hakuna aliyetaka kunitaja mbele ya watu. Kwa hiyo nikajitaja. Nikasema ni mimi, nilikosea. Jani ndilo linaloshika jua, na wakati ule jua ndilo linalokuwa uzito na mafuta, na mimi niliwaambia mling'oe. Nikasema hata la ukungu nililisema ili niheshimike, na huyu mama alipotoka mkutanoni nilimwacha aende. Nililia, sikuona haya. Kamasi mpaka kwenye kola.

Mama Anyingisye alikitazama kizibo chake kilichoruka juu. "Kwa hiyo tulimlisha ng'ombe mafuta yetu."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tukamla mwenzetu."

Akavuka ule ua hadi getini, mwanamke mzito yule, akapiga magoti mbele ya Mama Tumpale kwenye vumbi la mashudu. Wengine wakamfuata. Baadaye wakamgeukia Baba Zuhura, na yeye akasema ameshasamehe, ila mashine yake waiombe wenyewe, ina kinyongo. Ndipo watu wakacheka kidogo.

Mimi nilikuwa wa mwisho kumwendea Mama Tumpale. Nikamwomba msamaha. Akafuta macho, akanitazama sawasawa, mtu yule nisiyewahi kumsikia akijitetea.

"Ya majani nimekusamehe. Hukujua. Ya kunyamaza nikitoka, bado."

Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo mizani."

"Ya nini, mama?"

"Siku wakisema tena, wewe utakuwa wapi?"

Niliitoa kwenye msumari nikampa.

Alirudi kwaya. Msimu uliofuata Lufingo hakuna aliyegusa jani mpaka kisogo kiwe cha njano, na hilo sikulisimamia mimi, walisimamiana wenyewe. Ndoo zilijaa. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nimefundisha mengi, na kila nilipotaka kujibu swali haraka nilikumbuka geti la Baba Zuhura. Mzee Ambakisye tulimzika Masoko, na gambuti za mkewe bado ninazo.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Lufingo kuaga. Mama Tumpale sasa ni mzee, kichwa cheupe, na ana ng'ombe wawili. Sikuanza mlangoni. Nilizunguka nyuma, nikaingia zizini, nikawasalimia ng'ombe wake mmoja mmoja. Nilipotoka nilimkuta amesimama uani ananicheka.

"Leo umeanza zizini, bibi shamba."

"Nimechelewa miaka kidogo."

Akanikaribisha ndani, akanipa chai ya maziwa. Mizani ilikuwa ukutani kando ya picha ya marehemu mumewe. Uzi alishaubadilisha, vizibo vimesuguliwa vinang'aa. Nilipokuwa nakunywa akasema, bila kunitazama, kama mtu anayekumbuka kwamba hajafunga kuku, "Ile ya pili nayo nilishakusamehe. Zamani. Nilisahau tu kukuambia."

Nilikaa nikashika kile kikombe mpaka kikapoa. Ili niseme chochote, nikamwambia kwamba ninakabidhi ofisi, na huenda wakaiulizia mizani.

"Waache waulize tu," akasema. "Nikifa watakuja kuichukua. Jirani zangu bado wana midomo."

Kwa hiyo usiitafute kabatini, Bupe, na usiende kumwambia ni mali ya serikali, atakufukuza na atakuwa na haki. Chukua ile karatasi yako, pale chini ya pikipiki isiyowaka, uandike: mizani moja, ipo Lufingo, inafanya kazi.